Jinsi ya kufundisha wanafunzi wetu utafiti wa afya na kazi zake, hatua kwa hatua, kwa walimu wa Kisumu, Western na hata Nakuru

Ingia darasa lolote huku kwetu, iwe Kondele, Luanda, Mumias ama Njoro, uliza watoto wanataka kuwa nani. Utapata madaktari wengi sana, mainjinia, mapailoti, wanasheria, na mtafiti labda usipate hata mmoja. Na hawa ni watoto wanaolala ndani ya neti iliyojaribiwa Asembo, wamemeza tembe za minyoo zilizochunguzwa kule Busia, na wadogo zao wamedungwa chanjo ya malaria iliyopitia Kombewa na Siaya kabla dunia nzima ikubali kuitumia. Yaani utafiti umewazunguka kila upande lakini hakuna mtu amewaonyesha, na hiyo inaniuma kweli, manake wengine wao wangeweza kuwa ndio wanaofanya hizo kazi badala ya kuwa tu ndio wanaodungwa.

So hapa nimeandika venye unaweza kuwafundisha kama wewe ni mwalimu wa sayansi, patroni wa klabu, ama hata mzazi ambaye shule imekubali kumpa nafasi. Hauhitaji labu kubwa. Unahitaji vipindi vichache vya klabu, sarafu, maharagwe, ndizi, vijiko na watu wawili watatu wa kualikwa.

Kabla ya yote ongea na prinsipo, mweleze unataka nini na kwa muda gani, na akubali kabisa. Ukianza kimyakimya alafu mzazi aje gate kuuliza mbona mtoto wake anaongelea mambo ya damu, projekti yote inaisha hapo. Chukua kikundi unachoweza kukisikiliza, wanafunzi 30 ni sawa, 60 inawezekana lakini utatafuta mwenzako wa kukusaidia.

HATUA YA 1: Anzia na kitu wameshakishika kwa mikono

Usianze na maana ya utafiti ubaoni. Beba neti, iweke mezani, uliza nani alilala ndani ya moja jana. Mikono itapanda. Alafu uliza: nani alijua kwanza kwamba hii kitu inasaidia, na alijuaje? Hapo utaona kimya, na hicho kimya ndio mlango wako wa kuingilia.

Sasa wape stori. Miaka ya tisini, kule Asembo na Gem, Siaya, KEMRI, ile taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wenzao wa CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, walitaka kujua kama neti zilizotiwa dawa zinapunguza vifo vya watoto wadogo mahali ambapo malaria iko mwaka mzima. Vijiji vikagawanywa kwa kura, vingine vikapata neti mwanzo, vingine vikapata baadaye, katikati hapo wakawa wanafuatilia watoto. Matokeo yalitoka wazi, watoto waliokufa walikuwa wachache kwa vijiji vyenye neti. Lakini kitu tamu zaidi ambacho wanafunzi hupenda ni hiki: hata majirani ambao hawakuwa na neti, kama nyumba yao iko karibu, ndani ya mita 300 hivi, walifaidika pia. Waulize kwa nini. Waache wabishane. Mmoja atafika tu, kwamba mbu wakifa huku hakuna wa kuenda kule. Ukifika hapo usikimbie, mpe huyo mtoto sifa yake, manake amefikiria kama mtafiti.

Stori ya pili ni ya shule kabisa. Zile tembe za minyoo mnazopewa shuleni, kuanzia 1998 kulikuwa na utafiti Busia katika shule 75 za msingi, zikagawanywa makundi matatu ya shule 25, kundi la kwanza likaanza kupata dawa 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Kwa sababu hawakuanza pamoja, mtu aliweza kulinganisha. Wakaona watoto waliopata dawa wanakosa shule kidogo kuliko wengine, na hata shule za karibu zilipata nafuu. Mmoja wa waliofanya hiyo kazi, Michael Kremer, alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019 pamoja na wenzake wawili. Waambie hivyo tu, kwamba shule za Budalangi na Funyula zilifika mpaka kwenye mazungumzo ya Nobel, alafu uangalie nyuso zao.

Ya tatu, chanjo ya malaria, ile inaitwa RTS,S. Ilianza kutengenezwa 1987. Jaribio kubwa la mwisho lilifanyika 2009 hadi 2014 kwa nchi saba za Afrika, watoto 15,459, na Kenya ilikuwa na vituo vitatu, Kilifi, Kombewa na Siaya. Septemba 2019 ikaanza kutolewa kwa majaribio ya huduma hapa Kenya, uzinduzi ukafanyika Homa Bay, na Oktoba 2021 WHO ikapendekeza itumike kwa watoto wa maeneo yenye malaria. Waambie wapige hesabu, kutoka 1987 mpaka 2021 ni miaka mingapi. Thelathini na nne. Mtoto aliyezaliwa siku walianza alikuwa ameshakuwa mzazi. Hii hesabu inafundisha subira kuliko mahubiri yoyote utakayowapa.

Kama uko Nakuru usiseme hizi ni stori za ziwani tu. Pareto inayolimwa Molo na Njoro, maua yake yana sumu ya wadudu inayoitwa pairethrini, na wakemia walipoangalia hiyo kitu ya asili wakatengeneza dawa za jamii yake maabarani, ambazo ndio zinatiwa kwa neti nyingi. Leta ua la pareto darasani kama unaweza kulipata, weka kando ya neti.

HATUA YA 2: Wafundishe kulinganisha (hapa ndio usiharakishe)

Mimi naamini kama mtoto atatoka kwako na kitu kimoja tu, kiwe hiki: usiamini kitu kinafanya kazi mpaka ukilinganishe na kitu kingine kwa haki. Hiyo ndio roho ya utafiti wa afya, zingine zote ni vifaa.

Mchezo wa kwanza ni wa sarafu. Waambie wajigawe makundi mawili wenyewe venye wanataka. Utaona marafiki wanaenda na marafiki, wavulana wa mpira huku, wasichana wa kwaya kule. Pima urefu wa kila mtu kwa futi ya fundi ama hata alama za chaki ukutani, tafuteni wastani wa kila kundi. Mara nyingi utapata tofauti kubwa. Sasa warudishe wote pamoja, kila mtu arushe sarafu, kichwa aende kushoto, mkia aende kulia, pimeni tena. Wastani hukaribiana, sio lazma ulingane kabisa lakini hukaribiana. Alafu uliza: kama ningepea kundi moja dawa ya kurefusha mtu, ni mgawanyo gani ungenidanganya? Hapo wameelewa kitu ambacho wanafunzi wengine wanakipata chuoni mwaka wa pili.

Mchezo wa pili, maharagwe. Weka kwa mfuko wa karatasi maharagwe 70 na punje 30 za mahindi, changanya, usiwaambie idadi. Kikundi kimoja kichote punje 5 tu na kukadiria mfuko mzima uko aje, kingine kichote 40. Warudishe punje, wachote tena, warudie mara kadhaa wakiandika. Wale wa tano watapata majibu ya ajabu, saa zingine mahindi mengi kuliko maharagwe, saa zingine hakuna hindi hata moja. Wale wa 40 watazunguka karibu na ukweli. Ndio sasa waelewe kwa nini chanjo ilihitaji watoto elfu kumi na tano na sio wa mtaa mmoja.

Wa tatu ni wa maji. Chukua maji yaleyale safi ya kunywa, weka kwa jagi mbili, moja iandike kwamba ni maji ya bei kubwa kutoka duka fulani, nyingine uandike ya mfereji. Waonje, wapige kura ni gani tamu. Wengi watachagua ya bei. Hapohapo waambie ukweli, usiwaache waende nyumbani wakiwa wamedanganywa, alafu mzungumzie kwa nini watafiti wengine huficha nani amepata dawa na nani amepata kitu kinachofanana nayo, hata kutoka kwa nesi mwenyewe anayepeana. Akili ya mtu inaweza kuonja lebo badala ya maji.

Ukiwa na Fomu Tatu ama Fomu Nne, waongezee stori ya Kemron. Mwaka wa 1990 dawa hiyo ilitangazwa hapa Kenya kwamba inasaidia wagonjwa wa Ukimwi, na unaweza kufikiria matumaini ya watu wakati huo, hakuna dawa, watu wanazikwa kila wiki. Majaribio yaliyofuata, yenye makundi ya kulinganisha, hayakuona faida iliyotarajiwa. Usiifundishe kama aibu ya mtu. Ifundishe kama sababu ya kwa nini tunalinganisha hata kama tunatamani sana jibu liwe ndio. Kwangu hii ni moja ya stori muhimu zaidi unaweza kumpa mtoto wa Kenya anayetaka sayansi.

HATUA YA 3: Ongea kuhusu damu, usiikwepe

Hii itakuja, utake usitake. Mtoto atainua mkono aseme, mwalimu, lakini si hao watu ndio huchukua damu ya watoto wakaiuze? Wengine watacheka. Wewe usicheke na usimkaripie. Huko ziwani na Western hizo stori za watu wanaonyonya damu ni za tangu wakati wa mababu, na mtu akiona gari geni likiingia kijijini, wageni wamevaa glavu, wanatoka na vichupa, na hakuna aliyerudi kueleza matokeo, ana haki ya kuuliza. Mtoto ameuliza swali zuri, mjibu na vipimo.

Leta kijiko cha chai, sindano tupu mpya isiyo na ncha, na mtungi wa lita 5. Jaza mtungi maji, tia rangi nyekundu ya chakula kama iko. Waambie mtu mzima ana damu karibu hivyo, lita 5. Chota kijiko kimoja cha chai, hiyo ni mililita 5, na ndio kiasi cha kawaida kwa vipimo vingi. Sasa pima mililita 450 kwa jagi, hiyo ndio mtu hutoa akichangia damu hospitalini, na anarudi nyumbani kwa miguu yake. Mtoto wa kilo 10 je? Yeye ana kama mililita 800 tu mwilini, na ndio maana watafiti wana kikomo cha kiasi wanachoweza kutoa kwa mtoto, na kikomo hicho hakiamuliwi na wao peke yao.

Hapo ingia kwa ruhusa. Utafiti wowote wa watu lazma upitie kamati ya maadili kwanza, na NACOSTI ndio hutoa leseni ya utafiti nchini. Mzazi anasomewa fomu kwa lugha anayoielewa, Kidholuo, Kiluhya, Kiswahili, anauliza maswali, anakubali ama anakataa. Akikataa, matibabu yake ya kawaida hayaguswi. Akikubali leo akabadilisha mawazo kesho, anatoka. Na mtoto aliyefika umri wa kuelewa naye anaulizwa, sio mzazi tu.

Fanyeni mchezo wa kuigiza. Mmoja awe mtafiti, mmoja awe mama wa mtoto, mmoja awe nyanya ambaye hataki kabisa, na mmoja awe yule jirani aliyesikia stori sokoni. Mtafiti aeleze mpaka nyanya aelewe, sio mpaka akubali, mpaka aelewe. Darasa lisikilize kama kuna kitu kimefichwa. Uliza: amesema kama kuna hatari? Amesema matokeo yatarudi kwa nani? Amesema damu itawekwa wapi na kwa muda gani? Wanafunzi wetu ni wakali sana kwa hii, na ukiwapa nafasi utasikia maswali ambayo hata kamati ingeyaheshimu.

Na sheria moja ya chuma: usitoe damu ya mwanafunzi yeyote darasani, hata tone, hata kama una vifaa vya kupima malaria. Usiulize nani ana HIV, nani ana siko seli kwao, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Ukifundisha siko seli, na unafaa kuifundisha kwa sababu iko sana huku kwetu, anza na Anthony Allison, yule daktari Mwingereza aliyelelewa hapa Kenya, ambaye mwaka wa 1949 alizunguka akipima damu za watu wa sehemu mbalimbali akaona watu wanaobeba siko seli bila kuwa wagonjwa wako kwa wingi pwani na karibu na Ziwa Victoria lakini nyanda za juu ni wachache. Weka ramani ukutani, waulize ni nini kiko pwani na ziwani na hakiko sana baridini. Wakisema mbu, wamefika. Mwaka wa 1954 alichapisha kwamba mtu aliyerithi jeni moja ya siko seli ana kinga fulani dhidi ya malaria. Aliyerithi mbili ndio mgonjwa. Useme wazi kwamba sio laana na sio kosa la mama, manake kwa hilo darasa kunaweza kuwa na mtoto ambaye nyumbani kwao wamegombana kwa sababu ya hiyo kitu.

HATUA YA 4: Mikono ichafuke

DNA ya ndizi ni rahisi na hufanya kazi. Ponda nusu ndizi iliyoiva vizuri. Kwa kikombe kingine weka mililita 100 za maji ya vuguvugu, kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya sabuni ya maji ya kuosha vyombo, koroga taratibu bila povu. Changanya na ndizi, ngoja dakika kumi, chuja kwa kitambaa safi ama chujio la chai kwenye glasi. Sasa mimina spiriti baridi pole pole kwa ubavu wa glasi mpaka ikae juu kama tabaka. Spiriti uliinunua chemisti na kuiweka kwa fridji, kama shule haina fridji omba mama wa kantini. Baada ya dakika tano mpaka kumi utaona nyuzi nyeupe kama kamasi zikipanda pale katikati, zizungushe na kijiti. Waambie kuponda kumevunja kuta za seli, sabuni imefungua utando wake, chumvi imesaidia DNA kushikana, na spiriti imeitoa nje ya maji kwa sababu haiyeyuki humo. Waambie pia ukweli kwamba hizo ni nyuzi za mamilioni ya seli pamoja na uchafu kidogo, sio ile ngazi iliyojisokota ya kwa kitabu, hiyo haionekani kwa macho. Spiriti inashika moto haraka, kwa hivyo jiko na kiberiti viwe mbali.

Ya pili ni viluwiluwi vya mbu. Baada ya mvua tafuteni kwa vidimbwi, alama za kwato za ng'ombe, matairi ya zamani. Chota kwa bakuli jeupe lenye mpini mrefu. Kile kinacholala sambamba na uso wa maji ni cha Anofelesi, ndio kundi la mbu linalobeba malaria. Kile kinachoning'inia kichwa chini kikiwa na bomba la kupumulia ni cha aina zingine kama Kuleksi. Wachore, wahesabu, waandike kimetoka wapi na maji yalikuwa aje. Waambie kuna mtu analipwa mshahara kufanya kazi hii hasa, na wakishangaa uwaambie habari za Thomas Odhiambo, aliyesoma Maseno, akabobea kwa wadudu, akaanzisha icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, mwaka wa 1970, na kituo chao cha Mbita kando ya ziwa kimepewa jina lake.

Usiwapeleke ndani ya ziwa ama mifereji ya mpunga ya Ahero, kule kuna konokono wa kichocho. Na mkimaliza mwageni viluwiluwi kwenye mchanga mkavu wenye jua, visibaki kwa ndoo ya labu wikendi nzima, manake vinageuka mbu haraka.

HATUA YA 5: Fuateni kichupa kimoja

Badala ya kuwasomea orodha ya kazi, chora kwa manila kichupa kimoja cha damu ya mtoto wa Kombewa, alafu waulize ni mikono ya nani imekigusa ama imekifanya kiwezekane, kutoka mwanzo mpaka matokeo. Kila jibu liende kwa karatasi yake ukutani.

Watasema daktari na nesi, wataishia hapo. Wasukume. Nani alipiga hodi kwa hiyo boma kwanza? Mhudumu wa afya ya jamii, anayejua njia na anayejulikana. Nani aliandika fomu ya ruhusa kwa Kidholuo ili nyanya aelewe? Mfasiri, na hapo yule msichana wako anayependa lugha kuliko fizikia anainua kichwa. Nani alibeba kichupa kikiwa baridi? Dereva aliyefunzwa. Nani alikipima? Mtu wa labu. Kilihifadhiwa wapi? Kwa friza ya nyuzi 80 chini ya sufuri, na stima ikipotea usiku wa manane kuna fundi anayeamka kuhakikisha jenereta imewaka. Mashine ya kupima ikiharibika ni nani anaifungua? Injinia wa vifaa vya hospitali. Namba zilienda wapi? Kwa mtu wa data, alafu kwa mtaalamu wa takwimu. Nani aliangalia kwamba dawa haidhuru watu? Mfamasia na kamati ya usalama. Nani alilipa mafuta ya gari na kuweka risiti? Mhasibu. Nani alirudi kijijini kueleza matokeo barazani? Watu wa kuunganisha utafiti na jamii.

Ukimaliza ukuta umejaa, na kila mtoto, hata wa namba ya mwisho darasani, anaweza kusimama mbele ya karatasi moja aseme hii naweza. Tafadhali usiruke hii hatua. Watoto wetu wengi huacha sayansi kwa sababu waliambiwa ni udaktari ama hakuna.

HATUA YA 6: Alika mtu, lakini mchague vizuri

Profesa ni sawa ila wakati mwingine yuko mbali sana na mtoto. Kijana wa labu aliyemaliza juzi KMTC, chuo cha mafunzo ya afya, anayekaa Manyatta ama Kakamega mjini, atawafungua macho zaidi. Andikeni barua kupitia ofisi ya prinsipo mapema, sio wiki moja kabla. KEMRI iko Kisian ukifuata barabara ya Busia, iko tangu zamani na imezoea wageni, Chuo Kikuu cha Maseno kiko hapo, hospitali ya rufaa ya JOOTRH ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia iko mjini, na kwa vyuo vikuu vingine, Kakamega kuna Masinde Muliro, Bondo kuna JOOUST, Eldoret kuna Moi, na wa Nakuru wana Egerton Njoro. Ukinyimwa ziara usivunjike moyo, labu zingine haziruhusu watoto kwa usalama, omba basi mtu aje kwenu na koti, pipeti na vichupa vitupu.

Mwambie mgeni mapema asilete slaidi nyingi. Maswali yawe ya wanafunzi, na ya aina hii: jana uliamka saa ngapi na ukafanya nini mpaka jioni, ni somo gani lilikusumbua shuleni, karo ilitoka wapi, ni siku gani ulitaka kuacha. Alika pia wanawake, sana. Miriam Were ni wa Kakamega na mwaka wa 2008 alipokea Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi kutoka Japani kwa kazi yake ya afya ya jamii, wasichana wako wajue hilo jina.

Mwalimu awe ndani ya chumba muda wote, picha zisipigwe bila ruhusa ya wazazi, na mgeni asipeane namba ya simu na mwanafunzi. Kama kuna maswali ya baadaye yapitie kwako.

HATUA YA 7: Njia ya kufika huko

Hapa sema ukweli bila kuwatisha. Kwa wale wa 8-4-4 waliobaki, KCSE yao ya mwisho ni 2027, Baiolojia, Kemia, Hesabu na Kiingereza ndio za kushikilia. Kwa wa Gredi ya 10 walioanza Januari 2026, ni mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, na wa Gredi ya 9 waongee na mwalimu kabla ya kujaza machaguo, sio baada. Digrii kwa kawaida huanzia C+ ya wastani, diploma ya KMTC C, cheti C-, pamoja na alama za masomo fulani kulingana na kozi, kwa hivyo kila mwaka someni tangazo lenyewe kwa KUCCPS, wale wanaopanga nafasi za vyuo, na KMTC. Mtoto wa C asiambiwe ameisha, diploma ya labu ama ya vifaa vya hospitali inamwingiza ndani, na wengi hupanda kutoka hapo.

Waonye pia kuhusu matapeli. Mtu akikupigia simu kwamba ana nafasi ya KMTC na unatuma pesa kwa namba yake leo leo, huyo ni mwizi. Mzazi asiuze ng'ombe kabla mwalimu ameiona barua.

HATUA YA 8: Wawe na swali lao

Mwisho kila kikundi kichague swali dogo la hapo shuleni. Je, neti za bweni zina mashimo mangapi, na zenye mashimo ni za kona gani? Sabuni ikiwekwa karibu na choo ni wangapi wataosha mikono, ukilinganisha na wiki ambayo haikuwepo? Maji ya tangi gani yana viluwiluwi? Waandike swali, wanadhani nini, watalinganisha nini na nini, watahesabu vipi, na watamwomba nani ruhusa. Wasihesabu watu bila prinsipo kujua na wasiandike majina ya wanafunzi popote, namba tu.

Swali likiwa na ulinganisho wa haki, lipelekeni kwa maonyesho ya sayansi na uhandisi ya shule, KSEF, yanayoanzia ngazi za chini mpaka kaunti, rijini na taifa. Tarehe uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo mwanzoni mwa mwaka. Majaji wataangalia daftari, kwa hivyo tangu siku ya kwanza daftari liwe moja, liandikwe kwa kalamu, makosa yakatwe mstari mmoja yasomeke na yasifutwe, na kila ukurasa uwe na tarehe. Likijaa, nunua lingine na uliambatanishe na hilo la kwanza, wala usimruhusu mtu kunakili upya ili lionekane safi.